Alama Kumi na Mbili

Inspekta Jumwa Garama alikuwa karibu kuegesha kikombe chake juu ya ncha ya karatasi ili isiendelee kujikunja, Daktari Kahaso akamdaka mkono.

"Chai hiyo ni ya moto?"

"Ya moto."

"Basi iweke mbali. Karatasi hii haina wino, Inspekta. Mashine huiandika kwa joto. Ukiiwekea kikombe hicho utapata duara jeusi, kisha uende mahakamani ukaeleze duara."

Jumwa akakirudisha kikombe mkononi taratibu. Kwa wiki mbili alikuwa amezibeba karatasi hizo ndani ya gari la idara lisilojua kivuli, Kwale kwenda Msambweni na kurudi, na hakuna aliyemwambia neno hilo. Akaliandika kwenye daftari lake, maana alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, hata jina la paka wa shahidi.

Karatasi zilikuwa mbili, na kesi nzima ilikuwa ndani yake. Ya kwanza ilitolewa na mashine ya ambulensi Jumapili moja, wiki saba zilizopita, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika nyumba ya Ramadhani Boga, kijiji cha nyuma ya Msambweni. Ramadhani alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Mkewe, Mwanapili, alikuwa ameketi kitandani akisema kifua kinambana. Mashine ilimchora moyo, na juu ya mchoro ikaandika yenyewe kwamba kila kitu ni cha kawaida. Kwa ajili ya neno hilo hawakukimbizwa Mombasa kwa wataalamu wa moyo, bali walipelekwa hospitali ya karibu, ambako mama huyo alipewa kitanda akaambiwa asubiri. Saa kumi na dakika tano muuguzi alimchora mara ya pili. Karatasi hiyo ya pili haikuhitaji kusomwa na bingwa. Ilionyesha moyo unaokufa. Saa kumi na nusu Mwanapili alikuwa amefariki, mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

Kibwana, kaka wa marehemu, alikwenda polisi na hoja moja. Moyo hauwezi kuwa mzima saa tisa ukawa maiti saa kumi. Karatasi ya kwanza haina hata jina la mgonjwa. Basi mhudumu wa ambulensi, Waziri, alikosea kazi yake, kisha akabadilisha karatasi, akatia ya mtu mwingine mwenye afya yake. Mashtaka yalikuwa tayari yamechapwa. Leo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa asubuhi Waziri angesimama kizimbani Kwale kujibu kosa la kuharibu ushahidi na kusababisha kifo, Jumwa asipoleta jambo jingine.

Na lilikuwapo jambo jingine, dogo, lililomkera Jumwa kuliko yote. Ramadhani mwenyewe alikuwa amekuja kituoni mara tatu. Hakuja kuulizia haki wala mahakama. Alikuja kuiomba karatasi. Katika miaka kumi na mitatu ya kazi hii Jumwa alikuwa amejifunza kwamba mtu anayekitaka kielelezo kwa bidii kiasi hicho, mara nyingi anataka kisiwepo. Kwa hiyo jina la Ramadhani alikuwa amelipigia mstari, tena miwili.

"Nieleze kama mtu wa Kinango asiyewahi kuiona mashine hii," alimwambia daktari. "Kwa sababu ndiye mimi."

Daktari Kahaso alicheka kidogo. Alikuwa na kliniki yake ya moyo pale Ukunda, na Jumwa alimchagua kwa sababu hakuwa mwajiriwa wa yeyote katika kesi hii.

"Mashine ina nyaya kumi, na kila waya una stika yake. Nne huenda mikononi na miguuni. Sita huenda kifuani, na si popote kifuani. Mbili za kwanza pembeni mwa mfupa wa katikati, hapa, kwenye nafasi ya nne ya mbavu. Zilizobaki zateremka chini ya titi la kushoto mpaka chini ya kwapa." Alizionyesha juu ya shati lake. "Mashine hutoa picha kumi na mbili za moyo mmoja. Upande wa kushoto wa karatasi ni zile zilizochukuliwa mikononi na miguuni. Upande wa kulia ni za kifua. Ni sawa na kuizunguka nyumba ukichungulia kila dirisha."

"Na nyumba hizi mbili ni moja?"

"Tazama kushoto, mstari wa pili. Kila wimbi refu lina jino dogo begani. Hili, hili, na hili. Sasa tazama karatasi ya hospitali."

Jumwa akainama mpaka pua yake ikakaribia karatasi. "Jino lilelile."

"Mahali palepale, kimo kilekile, na picha zote sita za kushoto zafuatana hivyo. Nikiapishwa, nitaapa. Karatasi zote mbili ni za Mwanapili."

Hoja ya Kibwana ikafa hapo mezani, na Jumwa hakupata hata nafasi ya kufurahi, kwa kuwa pale ilipokufa palibaki swali baya zaidi.

"Basi tofauti ni nini?"

"Kulia. Ya hospitali, mistari ya kifua imeinuka juu, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiyejua maana yake. Ya ambulensi imetulia. Lakini imetulia vibaya. Mawimbi ni mafupi mno, na yote sita yafanana, kana kwamba macho sita yalichungulia dirisha moja."

"Moyo haukuweza kuharibika katikati, ndani ya saa ile?"

"Huweza. Lakini huyu alikuwa akitoka jasho tangu saa nane, na maumivu ni yaleyale. Mimi siamini."

"Waziri alipaswa kuliona hilo?"

Daktari akaegemea kiti. "Madaktari hubishana juu ya hilo mpaka chakula cha mchana kinapoa. Mhudumu wa ambulensi ajue kuusoma mchoro kama mimi, ama asome maneno ya mashine tu na dereva akanyage mafuta? Mimi ubishi huo umenichosha. Sitaki ajue kila wimbi. Nataka ajue stika zakaa wapi, na ajue siku ya kutoiamini karatasi. Mashine haina macho, Inspekta. Ukibandika stika ukutani, itauchora ukuta."

Jumwa alikunja karatasi zake kwa heshima mpya. Stika zilikaa wapi? Ndilo swali lililobaki, na mwenye kifua alikuwa ardhini kwa wiki saba. Hapakufanywa uchunguzi wa maiti, hapakupigwa picha. Alifariki Jumapili jioni akazikwa Jumatatu kabla ya adhuhuri, kama desturi ilivyo. Muuguzi wa hospitali alikwisha kusema alibandika zake kwa pupa na hakutazama kitu kingine. Basi ni nani mwingine aliyekiona kifua cha Mwanapili? Jumwa alikuwa ameshafika kwenye gari alipokumbuka kwamba Waislamu hawamziki mtu kabla hajaoshwa, na aliyeosha lazima alitazama.

*

Bi Twaiba alikuwa barazani kwake Msambweni akisuka ukili wa mkeka. Jumwa alivua viatu, akaketi mkekani chini yake kidogo.

"Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hujambo? Wazee hawajambo huko bara ya Kinango?"

"Hawajambo, alhamdulillahi," Jumwa akajibu, akaona aibu kidogo, maana wazee wake walikuwa wamekwisha. Alisema amekuja kwa ajili ya Mwanapili.

Vidole vya Bi Twaiba havikusimama. "Mimi nimeosha maiti za wanawake miaka thelathini, na niliyoyaona kwenye josho nimeyaacha huko. Ndiyo amana yetu. Mtu hukabidhiwa kwako hana nguo, hana kauli. Ukitoka ukamsimulia, umemvua mara ya pili."

Jumwa alikwisha kuwahoji wezi wa ng'ombe, walinzi wa hoteli na diwani mmoja mwongo, lakini hakuwahi kukataliwa vizuri namna hii. Akanywa maji aliyopewa.

"Sikuulizi la mwilini mwake, mama. Nauliza kisichokuwa chake. Watu walimbandika vitu, wakaondoka. Gundi ile si mwili wa Mwanapili."

Ukili ukasimama. Bi Twaiba akawatazama kuku wake wakichakura.

"Gundi si mwili wake," akakubali. "Ile gundi ilinitoa jasho. Maji ya josho lazima yaifikie ngozi yote. Penye gundi, maji hayapiti, na josho halitimii. Nikasugua kwa mafuta ya nazi, moja baada ya moja. Wanaume huko nje wanatuhimiza, kaburi tayari, na mimi ndani nasugua."

"Zilikuwa ngapi?"

"Za mikono na miguu nne. Kifuani kumi na mbili."

"Sita," Jumwa alisema polepole.

"Mwanangu, kila moja nimeisugua kwa kidole hiki. Kumi na mbili. Sita zilikuwa bado na stika zake, chini ya titi, zapanda mpaka kwapani. Sita nyingine hazina stika, zimebaki alama za gundi tu, zimeshika vumbi." Akaachia ukili, akaupitisha mkono wake juu ya kifua chake mwenyewe, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, kutoka bega hadi bega. "Hapa. Zimejipanga kama vifungo. Zote pale ambapo mkono hufika mtu akiwa amevaa dera lake."

Jumwa aliandika, akachora mwili mtupu wa mstari mmoja na vidoti kumi na viwili juu yake, sita chini vya muuguzi, sita juu vya ambulensi. Alimshukuru bibi huyo na kuinuka. Alipokuwa akivaa viatu Bi Twaiba akamwita.

"Yule aliyezipanga pale juu, msimwonee. Mtu asiye na adabu hapangi hivyo."

*

Kituo cha ambulensi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Ukunda. Caroline, dereva, mwanamke mrefu mwenye sauti ya Nakuru, alikuwa akifuta kioo cha gari. Waziri alikuwa ndani akipanga kabati la dawa ambalo lilikuwa limeshapangwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, na tangu mashtaka yaandikwe alikuwa amesimamishwa kwenda safari; alikuja kazini kila siku na kukaa na makabati.

Pembeni palikuwa na sanamu la plastiki la kufundishia. Jumwa aliliburuta mpaka katikati ya chumba.

"Mbandike huyu, kama mgonjwa wa moyo."

Waziri alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akachukua stika. Alizihesabu mbavu kwa ncha ya kidole, akabandika ya kwanza, ya pili, akateremka, akamalizia kwapani. Hakuchukua dakika moja, na hakuna hata stika moja iliyokaa vibaya. Ukutani nyuma yake kilining'inia cheti chake cha kozi ya kusoma mchoro wa moyo, alama tisini na mbili.

"Wajua kazi," Jumwa alisema.

"Naijua, afande."

Jumwa akafungua daftari, akamwekea mbele ule mwili wa vidoti kumi na viwili. "Basi kwa nini Mwanapili ulimbandika hapa juu?"

Waziri alikitazama kile kichoro. "Nani amekwambia?"

"Mafuta ya nazi."

Kijana yule aliketi juu ya kreti. Nje, kitambaa cha Caroline kilikuwa kimeacha kusugua kioo.

"Alikuwa amevaa dera, na ukosi wake ni mdogo," Waziri alisema. "Niliweka pale mkono ulipofika."

"Dera hufunguliwa. Hukatwa kwa mkasi. Mkasi mnao."

"Ndio."

"Ama lilikuwa limeshikwa?"

Waziri akaanza kukusanya maganda ya stika sakafuni.

"Waziri. Nani aliushika ukosi?"

"Afande, yule mtu amefiwa," akasema, na sauti yake ikapungua. "Sasa mimi niende mbele ya hakimu, na yeye ameketi pale na kanzu yake, niseme ni mkono wako? Nitaishi vipi hapa Msambweni?"

Jumwa hakuhitaji kuuliza tena. Alijua sasa, na hakulipenda alilolijua. Lakini kazi ilikuwa haijaisha.

"Na uliposoma karatasi? Uliamini maneno ya mashine?"

"Usidhani sikuisoma. Niliona mawimbi yote yafanana. Nilijua stika zangu ziko juu. Yule mama alikuwa amelowa jasho, midomo imepauka. Nilimwambia Caroline, sura ya mama na karatasi hii hazipatani."

"Aliniambia," Caroline alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi. "Kabla tutoke kwa boma. Aliniambia hivyo."

"Nikatamani nirudie ndani ya gari," Waziri aliendelea. "Bwanake alikuwa amepanda nasi, ameketi upande wa kichwa chake, na mkono bado uko palepale ukosini. Ni rika la babangu. Nimwambie nini? Nifungulie kifua cha mkeo? Maneno yalinishinda." Akabandua stika moja ya sanamu. "Karatasi inasema kawaida. Nikajiambia pengine ni mimi ninayeona vibaya. Nikaishika ile karatasi kama cheti cha kunitoa lawamani."

"Caroline," Jumwa akageuka. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, Madam. Injini inanguruma."

"Ungeitwa ubandike wewe, mlango ukafungwa, wanaume wakatoka?"

"Ningekuja mbio. Mimi ni mwanamke, na stika nimeziona zikiwekwa mara mia." Akakikunja kile kitambaa. "Lakini sheria ya hapa, dereva hagusi mgonjwa. Hajawahi kuniita hata siku moja, na mimi sijawahi kujitolea. Nilikaa kwa gari nikichezea redio, na mama wa watu anaisha hapo ndani."

Waziri alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Sikumfikiria," alisema. "Wallahi sikumfikiria kabisa. Hatua kumi hazikufika kutoka kitandani mpaka garini."

Jumwa akafunga daftari. "Na Ijumaa ungenyamaza?"

"Ningenyamaza."

*

Chumba cha madobi kilikuwa nyuma kabisa ya hoteli, mbali na bahari na wageni, na mvuke ulijaa humo kutwa. Ramadhani alikuwa peke yake kwenye meza ya pasi na rundo la shuka. Alipomwona Jumwa aliisimamisha pasi juu ya kisahani chake cha chuma, akajifuta mikono.

"Karibu, Inspekta. Hapa hapana pa kuketi, utaniwia radhi."

"Hakuna neno, Mzee Ramadhani. Shikamoo."

"Marahaba." Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye bahasha iliyokuwa kwapani mwa Jumwa, yakakaa huko.

Jumwa alikuwa amepanga kuanza na maswali ya kawaida. Badala yake akaanza na lile lililomkera. "Kwa nini unaitaka karatasi hii?"

Mzee alivuta mtoto wa meza. Chini ya sindano na vifungo vya akiba palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake kipande cha karatasi kilichokunjwa. Alikifungua. Kilikuwa cheusi, upande mmoja hadi mwingine, bila mstari hata mmoja.

"Siku ile mashine ilitoa mara mbili," alisema. "Ya mwanzo ilitikisika, kijana akaiacha kitandani. Tuliporudi kutoka maziara nikaiona chini ya mto. Imekunjana. Nikasema, huu ni moyo wa Mwanapili umeandikwa hapa, haifai kukaa hivi. Nikaipiga pasi." Alikigusa kile cheusi kwa kidole. "Mimi kila kitu nakipiga pasi. Ilifutika mbele ya macho yangu."

Jumwa aliikumbuka ile mistari miwili aliyoipiga chini ya jina la mtu huyu wiki mbili zilizopita, akaona haya peke yake. Mamake mwenyewe aliumwa kifua hivihivi, akafia juu ya mkokoteni wa punda njia ya kutoka Kinango, miaka ambayo ambulensi ilikuwa hadithi. Aliondoka bila kuacha hata alama ya kalamu. Kuna siku Jumwa angetoa chochote apate karatasi ya mama yule, hata nyeusi.

"Miaka ishirini na miwili nalala hapa kazini," Ramadhani alisema, kama aliyeulizwa. "Siku sita hapa, Jumapili nyumbani. Ndoa yetu ilikuwa ya Jumapili. Tulikuwa tumebakiza miezi miwili nistaafu. Yeye alikuwa akinitania, asema Jumatatu yenye mume ndani hajui hata yafanana vipi, asije akachoka nami kabla ya Jumanne." Akaikunja shuka iliyokuwa mbele yake. "Namtamani, Inspekta. Sina neno jingine. Namtamani Jumatatu, siku ambayo hatukuwahi kuwa nayo."

Jumwa akaiweka bahasha mezani. Akamweleza kwamba karatasi haikubadilishwa, ni ya Mwanapili, na Kibwana alikosea.

"Basi kwa nini ilisema mzima?"

Alijua swali lingekuja, na njiani kutoka Ukunda alikuwa ametunga majibu matatu ya upole. Sasa yote yalionekana ya kijinga. Mtu huyu alikuwa na haki ya kujua kuliko hakimu.

"Stika za kifua zilikaa juu sana. Zinatakiwa zikae chini, chini ya titi. Mashine ikatazama pasipo na ugonjwa."

Ramadhani akauinua mkono wake wa kulia taratibu, ukajikunja hewani mbele ya shingo yake, kama ulioshika kitambaa.

"Mkono ni huu," alisema.

"Mzee Ramadhani..."

"Kijana aliniomba nafasi. Nikamwambia, weka hapohapo panatosha. Kulikuwa na shemeji zangu mlangoni, na majirani. Mwanapili hakuwahi kuonekana hata nywele. Nikaona nisimwache aaibike na yeye hana nguvu ya kujifunika." Mkono ulikuwa bado uko juu, ni kana kwamba alikuwa amesahau kuuteremsha. "Nilikuwa namsitiri."

"Na Waziri alipaswa kukuambia kwa nini anaomba. Na alikuwapo mwanamke nje, dereva, angefanya kazi ile mlango umefungwa, na hakuna aliyemwita. Kosa halikuwa lako peke yako."

"Dereva," Ramadhani akarudia. "Yule mrefu. Alinipa maji hospitalini." Akauteremsha mkono. "Angepona?"

"Nilimuuliza daktari. Hajui. Alisema angekuwa na nafasi."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Hakulia. Alishika ukingo wa meza, na Jumwa akautazama ukuta kwa muda, kwa adabu.

"Kijana hakusema kwamba ni mimi?"

"Amekataa. Ijumaa atasimama kizimbani, na amesema atanyamaza."

Jambo hilo ndilo lililomwinua. Ramadhani alivuta kiti kilichokuwa kimebeba shuka, akazihamisha zote juu ya meza, akamwonyesha Jumwa aketi. "Andika. Toa kalamu uandike maneno yangu, nitie saini. Mashtaka ya kubadilisha yamekufa, umesema. Haya mengine yaandike yalivyo. Kijana aliomba, mimi nikakataa. Asifungwe mtu kwa kunistahi mimi."

Jumwa aliandika kurasa mbili. Mzee alizisoma kila neno, akazitia saini kwa mwandiko wa chuo cha Kurani, wa polepole na ulionyooka. Baada ya hapo Jumwa akafungua bahasha. Alikuwa amepitia duka la fotokopi Ukunda. Sheria haikumruhusu kutoa kielelezo, lakini haikusema lolote kuhusu nakala. Alizilaza nakala mbili mezani.

"Hii ni ya hospitali. Ndiyo ya kweli, daktari asema moyo wake unaonekana wote. Na hii ndiyo ile ya nyumbani, iliyokosea. Chagua, ama chukua zote."

Ramadhani hakuigusa ya hospitali. Aliivuta ile ya nyumbani mbele yake, akapitisha kidole juu ya mawimbi mafupi, moja baada ya moja, mpaka mwisho wa mstari.

"Hii," alisema. "Hapa alikuwa bado yuwasema nami. Alikuwa yuwaniambia nisiisahau nguo kambani, mvua yaja."

Nakala ilikuwa imejikunja kwa kukaa ndani ya bahasha. Mzee alijaribu kuinyoosha kwa kiganja, ikarudi. Akaitazama pasi yake, akamtazama Jumwa.

"Na hii?"

"Hii imeandikwa kwa wino," Jumwa alisema. "Waweza."

Aliipunguza pasi moto, akangoja. Akatandika kitambaa cheupe juu ya karatasi, akaloweka kidole kwa mate na kukigusisha chumani asikie kama umepoa kiasi. Kisha akaipitisha pasi taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, akainua ncha ya kitambaa kutazama kama mistari ingali ipo.

Ilikuwapo yote.